Tezi Iliyovimba Isitibiwe kwa Kubahatisha

Mkazi wa Edmonton, kaskazini mwa London, ambaye tezi ya shingoni, kwapani au kwenye kinena imevimba bila sababu na haipungui, aende kwa daktari wake wa familia. Ataje pia homa, jasho la usiku, kuwashwa mwili au kupungua uzito, hata asipoulizwa. Daktari akishuku saratani humwandikia rufaa ya haraka, na lengo la huduma ya afya ya Uingereza ni mgonjwa apate jibu la ndiyo au hapana ndani ya siku 28. Hospitali ya North Middlesex iko hapo hapo Edmonton.

Kwa hiyo umbali si kikwazo. La kusimamia ni kipimo.

Saratani inayoanzia kwenye mfumo wa limfu huitwa limfoma, nayo ina aina zaidi ya 60. Nyingine hukua polepole, na mgonjwa huweza kufuatiliwa kwa miaka bila dawa. Nyingine, kama ile ya Burkitt, hutaka matibabu ya haraka sana. Sindano nyembamba huvuta seli chache tu, ilhali mtaalamu wa maabara anahitaji kuona jinsi seli zilivyojipanga ndani ya tezi. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2016 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini humo, unawataka madaktari wafikirie kwanza kuitoa tezi nzima. Upasuaji ukiwa na hatari kubwa, kinyama cha tezi hukatwa kwa sindano nene.

Wengi waliotoka Dar es Salaam, Mombasa au Goma, wakiona tezi zimevimba, huwaza kwanza kifua kikuu (TB). Wana sababu, kwani TB ya tezi ipo na dalili zake hufanana na za limfoma. Kosa ni kumeza dawa za TB kwa miezi huku kinyama hakijachunguzwa.

Afrika Mashariki yenyewe imeufundisha ulimwengu umuhimu wa kuchunguza kinyama. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, ambaye limfoma ile ina jina lake, alieleza uvimbe wa taya za watoto wa Uganda mwaka 1958, akiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Vinyama vya wagonjwa vilisafirishwa kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 mtafiti Epstein na wenzake wakatangaza kirusi walichokiona humo.

Mgonjwa aulize: kinyama kimechukuliwa kwa njia gani, limfoma ni ya aina ipi, na majibu yatatoka lini? Mkalimani hospitalini ni bure. Aombwe mapema, ili mtoto wa shule asibebeshwe kazi ya kumtafsiria mama yake habari za saratani.