Masomo ya mtandaoni yasisubiri simu ya mzazi

Kwa familia nyingi za wafanyabiashara wa mpakani, zikiwemo za sekta ya Nkungu wilayani Rusizi, simu yenye intaneti ni chombo cha kazi. Mzazi akivuka kwenda Bukavu, simu nayo huvuka: aulizie bei, apokee pesa, aite wateja. Ikirudi jioni, mara nyingi chaji na bando vimekwisha. Mtoto aliyeagizwa kutafuta somo mtandaoni hulala bila kulisoma.

Udhaifu huu ulijitokeza mwaka 2020, shule za Rwanda zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya Covid-19. Masomo yalipitishwa redioni, kwenye televisheni na mtandaoni. Asiye na kifaa wala bando alibaki na redio, ambayo haimrudishi nyuma mwanafunzi asipoelewa.

Masomo yenyewe yapo. Bodi ya Elimu ya Msingi ya Rwanda (REB) ina masomo mtandaoni, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada katika maktaba mtandao yake. Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, hazina hiyo ya jirani ina faida zaidi: mwalimu wa Rusizi anaweza kusomesha kwa kitabu cha Dar es Salaam ambacho hakipiti forodhani. Ila mitaala hutofautiana, hivyo mwalimu ndiye achague kinachofaa.

Njia nafuu ni shule kupakua masomo mara moja na kuyahifadhi katika kompyuta moja, ambayo vifaa vingine vya shule huunganishwa nayo bila bando. Mtoto husoma shuleni, na simu ya mzazi inaendelea na biashara.

Kompyuta peke yake haitoshi. Rwanda ilianza kugawa kompyuta ndogo katika shule za msingi mwaka 2008, chini ya mpango wa Kompyuta Moja kwa Kila Mtoto. Palipokosekana umeme, fundi au mwalimu aliyefunzwa, kifaa ni kama mzigo uliolipiwa nauli kisha ukaachwa ghalani.

Katika mkutano wa wazazi, basi, yafaa kuuliza mambo matatu. Nani analipia intaneti ya shule? Walimu wamefunzwa kuitumia? Mtoto anakaa kwenye kompyuta saa ngapi kwa wiki? Mfanyabiashara hapokei mzigo bila kuuhesabu. Elimu ya mwanawe nayo ihesabiwe.