Kutu ya Kununua

Niseme mapema ndio tusizungushane: ukichukua bunduki iliyotoka kiwandani juzi, ukaivua rangi yake, ukaipaka siki na chumvi mpaka ikaonekana ni ya babu ya mtu, umetunga hadithi. Na ukimuuzia mtu hiyo hadithi bila kumwambia, wewe ni mwizi. Sina neno la upole hapo.

Najua mnajiuliza, sisi na bunduki wapi na wapi? Hapa Kenya bila leseni hata huigusi. Lakini huu mchezo wa kuzeesha chuma kwa kemikali umeshika sana Marekani, video zake ziko kibao, na kila mtu anasema tu "inapendeza". Hakuna anayeuliza ile patina inadai nini. Inadai kwamba kitu hiki kimeishi. Kimeshikwa, kimenyeshewa, kimebebwa. Hilo ni dai la historia, si rangi ya kucha.

Tena hebu tuelewane kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu asili yake ni ya heshima. Mafundi wa bunduki wa karne ya 19 walitumia kutu kama kinga. Fundi alipaka mtutu dawa ya kuleta kutu, akaiacha ifanye kazi, akasugua, akapaka tena, siku baada ya siku. Akiishia hapo, mtutu unabaki hudhurungi. Akiuchemsha kwenye maji, ile kutu nyekundu inageuka oksaidi nyeusi inayoitwa magnetaiti, na mtutu unatoka mweusi wenye samawati. Halafu maisha yanaanza kuila ile rangi. Bastola inachubuka mdomoni kwa kuingia na kutoka kwenye ala ya ngozi. Inang'aa pale kiganja kinaposhika. Lakini ukifungua kishikio cha mbao, chini yake unakuta rangi karibu vile fundi alivyoiacha. Ukijua kusoma, hiyo ni kama shajara.

Sasa jamaa wa leo anataka shajara ya miaka 140 kwa wikendi moja. Kemikali yake haijui mkono ulishika wapi, kwa hivyo inakula kila mahali sawasawa, mpaka chini ya kishikio ambako jasho halikuwahi kufika. Na zile dawa za kupaka baridi, nyingi zina asidi ya seleniamu na chumvi za shaba. Ni sumu kali, watu wamekufa kwa kuimeza, lakini msee anaipaka kwenye meza ya jikoni bila glavu, chupa iko wazi kando ya kikombe cha chai. Ati sanaa.

Kuna kampuni zinazofanya hivi mchana peupe. Cimarron ya Texas huuza nakala za bastola za enzi za Colt, zinazotengenezwa Italia na Uberti, na baadhi yake huja zikiwa zimezeeshwa tayari. Hao sina vita nao sana, tangazo linasema wazi ni nakala. Shida inaanza bastola ikifika kwa mmiliki wa tatu au wa nne. Tangazo limepotea, alama ya kiwanda "imefutika kwa uzee", na ghafla ni urithi wa familia. Kumbuka pia sheria ya Marekani ya 1968 inahesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa ya kale, na haiibani kama zile nyingine. Kwa hivyo umri ni pesa, na ni sheria pia.

Mnadhani natia chumvi? Waulize wanajeshi waliorudi kutoka Afghanistan na Martini-Henry "za kale" walizonunua sokoni. Mafundi wa upande wa mpaka wa Pakistan, Darra Adam Khel ikiwa maarufu zaidi, wamenakili bunduki za Waingereza kwa miaka mingi. Nyingine zina nembo ya Malkia Victoria, halafu chini yake kuna mwaka wa baada ya kifo chake cha 1901. Nyingine herufi N imegeuzwa. Ucheke, lakini mtu alitoa pesa zake, na akijaribu kuifyatua, chuma chake hakuna anayejua kitavumilia nini.

Sisi huu ujanja tunaujua vizuri. Muuzaji wa gari anarudisha kilomita nyuma, huyu wa bunduki anaziongeza mbele. Muuzaji wa vinyago anapaka mti mweupe rangi ya viatu na kuuita mpingo. Ni familia moja.

Na inatugusa. Gobore nyingi zilizochakaa Ulaya ziliuzwa huku kupitia Unguja majeshi yao yalipobadilisha silaha. Pale Fort Jesus kuna mzinga wa Königsberg, meli ya Wajerumani iliyozamia delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga yake ilitolewa majini, ikaburutwa nchi kavu, ikapigana tena. Vitu kama hivi, kila mkwaruzo ni swali ambalo mtafiti wa kesho anaweza kuliuliza. Mtu akija na asidi "kuipendezesha", amefuta swali na jibu pamoja.

Mtaniambia ni mali yake, afanye atakavyo. Sawa, kama ni mpya. Mtaniambia filamu zinahitaji silaha zinazofanana na za zamani. Sawa kabisa, watazamaji wanajua ni filamu. Mtaniambia hata wahifadhi wa makumbusho hupaka rangi sehemu iliyotengenezwa upya. Ndiyo, na wanaandika walichofanya, na wanahakikisha kinaweza kuondolewa.

Basi ninyi wa siki na seleniamu, fanyeni hivyo hivyo. Bunduki ya kale kweli, iacheni, ipakeni mafuta tu. Ile mpya, kabla hamjaizeesha, mwacheni fundi mwenye kibali agonge mwaka wake halisi kwenye chuma chenyewe, kwa kina ambacho sandipepa haifuti. Kama kazi yenu ni nzuri vile mnasema, mnaogopa nini kuitia tarehe?