Msichana Aliyemjibu Kuwadi kwa Kiarabu

Majuzi nilitumwa bara. Shemeji yangu alinipa nauli na ujumbe: niende Kapkatet, katika nchi ya chai baina ya Kericho na Bomet, nikamkanye bintiye. Binti huyu, mpwa wangu, ni mwalimu huko. Sasa ataka kuacha kazi arudi chuo kikuu, akasome habari za wanawake katika vitabu vya kale vya Hispania. "Amepotea," alisema babake. "Hispania ina nini na sisi?"

Nakiri, ndugu wasomaji, nilikwenda nikiwa upande wa shemeji. Ushairi naupenda, lakini nami nina mabinti, na bei ya unga naijua.

Nilifika jioni, wachumaji wakirudi kutoka mashambani, wengi wao wanawake. Nikamwuliza swali la babake. Hakujibu, ila aliniletea kitabu, *Libro de buen amor*, alichokitunga padri Juan Ruiz mwaka 1330 na kukiongeza mwaka 1343. Ndani yake padri amtuma kuwadi, ajuza mjanja, kwa msichana wa Kiislamu. Ajuza abembeleza kwa Kihispania. Msichana ajibu kwa Kiarabu, maneno machache machache, yote ya kukataa, na la mwisho ni kumwambia aende zake.

"Soma, mjomba," akaniambia.

Kihispania sikijui. Lakini majibu ya yule msichana niliyafahamu mara moja, ingawa yameandikwa kwa herufi za Kizungu na kupotoka kidogo. Nikacheka peke yangu. Mwanafunzi wa Ulaya huyahitajia maelezo chini ya ukurasa. Mimi yalinitosha niliyoyapata chuoni, juu ya mkeka wa mwalimu wangu. Na hata kuwadi wetu, Wahispania wanaye: humwita alcahueta, neno litokalo katika Kiarabu kile kile kilichotupa letu.

Basi nani asemaye kwamba Hispania haituhusu? Waislamu waliingia huko mwaka 711, na ufalme wao wa mwisho, Granada, ulianguka mwaka 1492. Katika Cordoba ya karne ya 11, Wallada, binti wa Khalifa al-Mustakfi, alikuwa na baraza la washairi. Ibn Hazm, mwanachuoni mkubwa wa mji huo huo, ameandika kwamba waliomfundisha Kurani, mashairi na mwandiko utotoni mwake walikuwa wanawake. Wale wanaotuambia kwamba elimu ya mwanamke ni jambo la kigeni, na wamsome Ibn Hazm.

Lakini mpwa wangu alinionyesha jambo jingine. Beti za Wallada zilizobaki ni chache; zaidi twamjua kwa mashairi ya Ibn Zaydun, aliyempenda. Msichana wetu naye twamsikia kwa kalamu ya padri. Hapo hapo Kapkatet, mwaka 1950, Hugh Tracey alinasa wasichana wa Kikipsigis, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, wakiimba "Chemirocha", jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia katika santuri. Mara nyingi sauti ya mwanamke hutufikia kwa mkono wa mwanamume. Kuisikiliza vyema, na kupambanua lipi lake na lipi la mwandishi, ni kazi ya mtu aliyesoma.

Na kwetu je? Mwana Kupona alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wake mwaka 1858. Kwetu ulisomwa na kuhifadhiwa kwa moyo. Lakini waliouchapisha pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1934 ni Alice Werner na William Hichens, Waingereza. Siwalaumu; nawashukuru. Najilaumu mimi na wenzangu, tuliojua kughani tukaona yatosha.

Sisemi kwamba elimu hii itamtajirisha binti. Huenda mshahara wa ualimu ukawa ndio mnono zaidi. Lakini twawapeleka watoto chuoni wakiwa wadogo, wakapata ufunguo ambao wengine huutafuta ukubwani kwa taabu. Kisha mmoja akitaka kufungulia mlango, twamnyang'anya!

Nilirudi Mombasa nikamweleza shemeji haya yote. Hajasema nami tangu siku hiyo. Nauli yake nitamrudishia. Ujumbe wake sikuufikisha.