Wazee Wetu na Mbio za Barabarani



Jumapili mbili zilizopita, baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja wa WAWATA alinisubiri mlangoni pa sakristia. Alikuwa na shitaka. Mume wake, mstaafu wa reli ya TAZARA mwenye umri wa miaka 67, hakuonekana kanisani siku ile. "Baba Paroko, naomba uzungumze naye. Amekwenda kwenye mbio. Babu wa wajukuu tisa, Baba, amevaa kaptula mbele za watu!" Nilicheka, na sikupaswa kucheka, maana mama wa watu alikuwa anaumia kweli. Nilimwahidi kwamba nitazungumza. Nimeona heri nizungumze hapa, kwa sababu malalamiko yake nimeyasikia pia katika jumuiya ndogondogo tatu au nne, na kwa sababu nyingine ambayo lazima niikiri mapema: katika shauri hili mimi si hakimu safi. Na mimi huvaa kaptula.

Miaka mitatu iliyopita, nilipokuwa na miaka 43, daktari alinifunga ule mkanda wa kupimia presha mkononi, akatazama, akanifunga tena. Tangu siku ile huamka kabla ya Masifu ya Asubuhi, nikaanza kwa kutembea, kisha kwa kutembea haraka, na sasa kwa kitu ambacho mwenye huruma anaweza kukiita kukimbia. Mbeya imeinuka kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na anayepanda kuelekea upande wa Loleza saa kumi na mbili asubuhi, mwezi Juni, huyapata mambo mawili kwa pamoja: baridi ya kukata masikio na pumzi isiyotosha. Ni katika njia hiyo nilipokutana na wale saba. Walimu wastaafu watatu, muuguzi mstaafu, fundi cherehani wa Mwanjelwa, mjane mmoja muuza duka, na huyu baba wa TAZARA. Mdogo wao ana miaka 58. Hukimbia pole pole wakizungumza, na anayebaki nyuma hurudiwa.

Niliwauliza kwa nini wanakimbia. Fundi cherehani akasema sukari. Muuguzi akasema presha. Jambo hilo halikunishangaza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64, kama mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi hawakuwa wakijua. Lakini mjane yule alijibu tofauti. Alisema, "Baba, tangu marehemu aondoke, asubuhi ndiyo saa mbaya. Nikiwa na hawa, asubuhi inapita." Nimesikia mahubiri mengi juu ya faraja, mengine nimeyatoa mwenyewe, na sikumbuki moja lililosema zaidi ya hilo.

Sasa tuje kwenye aibu, maana ndiyo iliyomleta mama yule mlangoni kwangu. Kwetu sisi mtu mzima hakimbii. Akikimbia, ama amefiwa, ama anafukuzwa na nyuki. Heshima ya mzee iko katika mwendo wake: anatembea taratibu, anasalimiwa, anaitikia. Naielewa heshima hiyo, nimelelewa ndani yake huko Iringa, karibu na Tosamaganga. Lakini tunasahau kirahisi. Wazee hawa wenye miaka 65 leo walikuwa watoto wa shule ya msingi mara baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Walikimbia mchakamchaka kila alfajiri, pekupeku, kwenye umande, kabla ya kufagia uwanja na kuingia darasani. Wengine walirudia tena JKT. Kwa hiyo wanaodhani kwamba mambo haya ya kukimbia barabarani yameletwa na vijana wa mjini wenye raba za rangi, wamechanganya habari. Kilicholetwa na vijana ni fulana na picha za simu.

Isitoshe, katika Injili wapo watu wazima wanaokimbia, tena mahali pazito. Baba wa mwana mpotevu, katika sura ya 15 ya Luka, ni mzee mwenye mali na watumishi, na anapomwona mtoto akiwa bado mbali anakimbia. Wataalamu wa Maandiko walitufundisha seminarini kwamba kwa watu wa nchi ile lilikuwa jambo la fedheha mzee kupandisha vazi lake na kukimbia njiani. Na asubuhi ya Pasaka, katika sura ya 20 ya Yohane, wanakimbia wawili kwenda kaburini. Mwanafunzi yule mwingine, ambaye mapokeo yanamhesabu kuwa kijana, anamwacha Petro nyuma. Mwinjili hakuona haya kutuandikia nani alifika wa kwanza na nani wa pili! Lakini kijana alisimama mlangoni, na Petro aliyechelewa ndiye aliyetangulia kuingia.

Ndugu zangu, aibu ya kaptula si kubwa kiasi hicho. Nimeona aibu nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo haikuwa ya wazee.

Mwaka jana nilisafiri na wanne wa kundi lile kwenda Iringa, zaidi ya kilomita 300 kwa basi, kushiriki mbio za hisani za mwisho wa juma. Waandaaji sitawataja; nia yao ilikuwa njema, na fedha zilikuwa za jambo jema. Mimi nilikimbia kilomita 10 na kumaliza katika hali ambayo haihusu tafakari hii. Muuguzi wetu mstaafu, mama wa miaka 64, alijiandikisha kilomita 21. Alilipa ada ileile waliyolipa vijana, akabandika namba kifuani kama wao.

Anayeijua Iringa anajua kwamba mji umekaa juu, na ukiwa Ipogolo, kwenye barabara kuu ya Tanzam, huna njia nyingine ya kufika mjini isipokuwa kupanda. Mama alifika kwenye mlima ule wakati washindi walikwisha kuoga. Barabara ilikuwa imefunguliwa. Askari wa usalama barabarani walikuwa wameondoka, na malori yalikuwa yanapita kando yake yakimpulizia moshi. Kituo cha mwisho cha maji kilikuwa na chupa tupu tu. Alipanda hivyo hivyo. Alipofika uwanjani, baada ya saa tatu na dakika kadhaa, lile tao la hewa lilikuwa limelala chini kama mbuzi aliyechinjwa, meza ya medali imekunjwa, na spika zote zimegeuzwa kuelekea jukwaa la wageni, ambako hotuba ziliendelea. Tulikuwa tunamngojea sisi wanne. Alikaa ukingoni mwa barabara, akavua raba moja, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Wangeacha basi hata ule mstari wa chaki."

Neno hilo limekaa nami. Hakudai medali, wala kupigiwa makofi. Alitaka mahali pa kumalizia.

Na hili linatokea katika nchi ya John Stephen Akhwari! Vijana wetu siku hizi wanamjua Alphonce Simbu, na wana haki ya kujivuna. Septemba 2025, kule Tokyo, alitwaa medali ya dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia kwa saa 2:09:48, muda uleule aliopewa Mjerumani wa pili, wakatenganishwa na picha. Lakini kabla ya Simbu, mkimbiaji wetu aliyejulikana zaidi duniani alijulikana kwa kufika wa mwisho. Oktoba 1968, katika Olimpiki ya Mexico, Akhwari alianguka njiani akaumia vibaya goti. Wakimbiaji 75 walikuwa wameanza, 18 waliacha. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, giza limeingia na watazamaji wachache wamebaki, akamaliza kwa saa 3:25:27, wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilikuwa kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze tu. Wala asidhani mtu kwamba alikuwa mkimbiaji dhaifu. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano kwa saa 2:15:05.

Tunaisimulia habari hiyo shuleni na kwenye hotuba za michezo. Lakini nawaomba mfikiri kidogo: je, ingekuwaje kama watu wa Mexico wangekuwa wamekwisha kung'oa mstari? Tusingekuwa na Akhwari wa kusimulia. Ile saa moja na dakika tano waliyoiacha njia wazi ni sehemu ya sifa yake, ingawa hakuna anayeitaja.

Kwa hiyo nathubutu kusema hivi kwa waandaaji wa mbio zetu za Nyanda za Juu Kusini, nanyi mlio karibu nao mwafikishie. Hapa Mbeya tumebahatika kuwa na Mbeya Tulia Marathon, mbio zinazoandaliwa na Tulia Trust na kuwakusanya watu wa kila rika katika uwanja wa Sokoine, na mbio ndogo zinaongezeka kila mwaka huku na Iringa. Mnapopokea ada ya mzee, mmekubali mwendo wake. Tangazeni mapema njia itafungwa saa ngapi. Kama hamwezi kumngoja wa kilomita 21, mwambieni kabla hajalipa, naye atachagua 10 au 5 bila kinyongo. Acheni gari moja na askari mmoja nyuma ya mtu wa mwisho. Na wekeni matokeo ya wazee peke yake. Riadha ya wakongwe duniani huanza kuhesabiwa kwenye miaka 35 na kupangwa kwa makundi ya miaka mitano mitano, hivi kwamba mtu wa miaka 70 hushindana na wa 72 na hakuna anayefanywa kichekesho. Ed Whitlock wa Canada, mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia marathoni ya Toronto kwa saa 2:54:48. Alikuwa anafanya mazoezi yake kwa kuzunguka makaburini, karibu na nyumbani kwake, saa nzima nzima. Sijui kama ningemruhusu kufanya hivyo katika makaburi ya parokia yetu, lakini nisingekosa mahubiri.

Kwenu wazee nina maneno machache. Mzee anayejiandikisha bila kupima presha, anayeacha dawa zake ili "awe mwepesi", anayekesha kwenye ulanzi Jumamosi na kutaka kumshinda mjukuu wake Jumapili, huyo hakimbii kwa ajili ya afya. Pimeni kwanza. Mkisikia maumivu ya kifua, simameni, na asiwepo wa kuwacheka. Nami sisemi kwamba kila mzee akimbie. Bibi wa Umalila anayepanda kilima na mzigo wa viazi kichwani amekwisha kufanya zoezi lake, na mtu akimwambia ajiandikishe mbio ili apate afya, atamshangaa, na atakuwa na haki.

Imebaki Jumapili. Hapa sitalegeza. Waandaaji hupenda Jumapili asubuhi kwa sababu malori ni machache na maofisi yamefungwa. Nawaelewa, lakini nawasihi waitazame Jumamosi, maana wanaokimbia wengi wao ni watu wa kusali. Wakati huohuo nisiwatwishe waamini mzigo ambao Kanisa halijawatwisha. Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa inasema wazi kwamba anayeshiriki Misa jioni ya siku iliyotangulia ametimiza wajibu wake wa Jumapili. Lakini Misa hiyo lazima iwepo, na katika parokia yetu haikuwepo. Hilo ni kosa langu, si la mwenye kaptula.

Nilimtembelea baba wa TAZARA Jumanne jioni, kama nilivyoahidi. Alinipokea kwa heshima zote, akanikaribisha chai, kisha akasema, "Baba, Misa nilisali Jumamosi jioni, parokia ya jirani. Nilipanda bajaji, kwenda na kurudi." Nikamwuliza kwa nini hakumweleza mama. Akatazama mlango wa jikoni. "Nilimweleza. Kaptula ndiyo hajaisamehe."

Basi, kuanzia Jumamosi ijayo kutakuwa na Misa ya jioni saa 11:00. Halafu asubuhi yake, kuanzia saa 12:15, wale saba watapita mbele ya kanisa wakijiandaa kwa mbio zijazo. Nimewaomba vijana wa kwaya wawe pale langoni na ndoo mbili za maji safi na vikombe, na wasiziondoe mpaka mama muuguzi amepita.