MAARIFA YA NYUMBANI: Flashi Inapokataa Kufomatiwa

Katika nyumba nyingi siku hizi, sanduku la bati lililokuwa likihifadhi hati za ukoo limepata mwenzake mdogo. Mwenzake huyo ni flashi, kijiti kisichozidi urefu wa kidole, ambacho hubeba picha za harusi, nakala za vyeti vya watoto, hesabu za duka na pengine sauti ya babu aliyekwisha kufariki. Vijiti vya namna hii vilianza kuuzwa mwaka 2000, navyo vya kwanza vilibeba megabaiti 8 tu. Leo flashi ya gigabaiti 64 ni kitu cha kawaida sokoni. Kwa kuwa imekuwa kitu cha kawaida, watu huitumia bila kuichunga, na siku inapogoma, fadhaa huingia nyumbani.

Dalili za ugonjwa huo zajulikana. Mtu huchomeka flashi, kisha kompyuta humwambia kwamba sharti ifomatiwe kabla ya kutumika. Akikubali, huambiwa baada ya muda kwamba kazi imeshindikana, au kwamba flashi imefungwa, haikubali kuandikwa. Naye hurudia mara ya pili na ya tatu kwa hasira. Hapo ndipo hasara ndogo inapogeuka kuwa kubwa.

Yafaa kwanza ieleweke maana ya kufomati. Flashi ni mfano wa ghala, nayo ina leja inayoonyesha kila mzigo ulipowekwa. Kufomati kwa haraka ni kuitupa leja ya zamani na kufungua mpya. Magunia hubaki mahali pake mpaka mapya yawekwe juu yake. Kufomati kikamilifu katika Windows za siku hizi ni kulifagia ghala lote. Kwa hiyo, kompyuta inapotaka flashi ifomatiwe, mara nyingi maana yake ni kwamba leja haisomeki. Si lazima iwe kwamba mizigo imepotea.

Jambo la kwanza, basi, ni kuokoa vilivyomo. Kama faili bado zinaonekana, zinakiliwe mara moja katika kompyuta. Kama hazionekani, iko programu ya bure iitwayo PhotoRec, ambayo hutafuta picha na maandiko bila kuitegemea leja. Vinavyopatikana vihifadhiwe kwenye diski nyingine, kamwe visirudishwe katika flashi iliyo mgonjwa.

Jambo la pili ni kuchunguza sababu zilizo nyepesi. Baadhi ya flashi zina kitufe kidogo ubavuni cha kuzuia kuandika. Kisogezwe upande wa pili. Kisha flashi ijaribiwe katika tundu jingine, na baadaye katika kompyuta nyingine, kwa maana huenda kosa si lake. Kompyuta za ofisini aghalabu huwekewa amri ya kuzuia flashi zote zisiandikwe.

Jambo la tatu, ikiwa vilivyomo vimekwisha kuokolewa, ni kutumia chombo cha Windows kiitwacho diskpart. Hufunguliwa katika dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Huandikwa kwanza «list disk», na orodha ya diski zote hutokea pamoja na ukubwa wake. Hapa mwenye kazi atulie. Flashi itambuliwe kwa ukubwa wake, kwani atakayekosea namba ataifuta diski ya kompyuta yenyewe. Ikiwa flashi ni namba 2, huandikwa «select disk 2», halafu «attributes disk clear readonly» ili kuondoa kizuizi, kisha «clean» ili kufuta leja yote. Baada yake hufuata «create partition primary» na «format fs=exfat quick». Muundo wa exFAT hupokea faili kubwa, hali muundo wa zamani wa FAT32 hukataa faili moja inayofikia gigabaiti 4. Hata hivyo, redio na televisheni nyingi za zamani husoma FAT32 peke yake.

Flashi ikikataa hata hapo, isilazimishwe. Vyumba vidogo vinavyotunza maandishi ndani yake huchakaa kila vinapofutwa na kuandikwa upya, na vina idadi ya mara vinazoweza kustahimili. Akiba ya vyumba vizima inapokwisha, flashi nyingi hujifunga zenyewe: hukubali kusomwa, hukataa kuandikwa. Hapana amri wala fundi atakayerudisha ujana wake. Nyingine hazikuchakaa bali ni za udanganyifu: zimeandikwa gigabaiti kadhaa ubavuni, na ndani zina sehemu ndogo tu. Programu iitwayo H2testw huijaza flashi na kuisoma tena, hivyo hufichua udanganyifu huo; nayo itumiwe siku ya kununua, kabla ya kuweka kitu chochote.

Kuna hatari moja ambayo wengi huisahau. Flashi inayokataa kuandikwa hukataa pia kufutwa, ilhali wengine waweza kuisoma. Mwenye nyumba akiitupa jalalani, au akimpa mtoto aichezee, barua zake, picha zake na nakala za hati zake zaenda pamoja nayo. Flashi ya namna hiyo ifunguliwe, na kile kipande cheusi kilicho ndani kipondwe kwa nyundo. Isichomwe moto, kwa kuwa moshi wa plastiki ni sumu.

Ama kuhusu kinga, kanuni ni chache. Flashi isichomolewe kabla ya kompyuta kuruhusu. Isifanywe kabati la miaka mingi, kwa sababu maandishi yake hudumu kwa nguvu ya chaji ya umeme, nayo hupungua polepole. Kila hati muhimu iwe na nakala mahali pawili au patatu, na cheti chenyewe cha karatasi kibaki katika sanduku la bati. Flashi ni mpagazi hodari wa kubeba mzigo kutoka hapa hadi pale. Asipewe kazi ya mlinzi.