Nani Alifunga Mlango?

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapenda hadithi za upelelezi. Tangu Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipotuletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), tumezoea mpango mmoja: kuna uhalifu, kuna washukiwa, na mwishoni mhalifu anatajwa nasi tunafunga kitabu tukiwa tumeridhika. Kitabuni, sina ugomvi nao. Tukiupeleka kwenye moto wa kweli, unatupotosha.

Nimekulia Nakivale, wilayani Isingiro, ambako Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wanaishi jirani kwa jirani. Nilipokuwa shule ya msingi, nyumba mbili ziliungua wiki moja. Kabla majivu hayajapoa, mshukiwa alishapatikana: mama mmoja ambaye si wa taifa letu, aliyegombana na mwenye nyumba ya kwanza kuhusu zamu ya maji. Ushahidi? "Lisemwalo lipo." Tulikatazwa kucheza na watoto wake. Baadaye mtoto wa nyumba ya pili alikiri kwamba alisinzia akisoma kwa mshumaa, karibu na turubai. Mama yule alikuwa amekwisha kuhama, wala hakuna aliyemfuata kumwomba radhi. Moto wa kwanza haukuelezwa mpaka leo.

Najua nitapingwa: "Lakini wachomaji wapo!" Kweli wapo. Machi 2001, bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, Kenya, liliteketea na wavulana 67 wakafa. Wanafunzi wawili walishtakiwa. Lakini mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Hata ukimpata aliyewasha, bado hujamjibu anayeuliza nani alifunga mlango.

Kwetu Uganda, mwaka 2008 wasichana wengi waliungua bwenini Budo Junior. Oktoba 2022, moto uliua watu 11 katika shule ya wasioona ya Salama, Mukono. Kila mara tunakimbilia kuuliza: nani aliwasha? Polisi waulize hivyo, ni kazi yao. Sisi tukiishia hapo, tunawasaidia wenye funguo. Mshukiwa mmoja akishapatikana, wao wanapumua, na nondo zinabaki dirishani.

Hapa Mbarara, hosteli ninayoishi ina mlango wa nyuma wenye kufuli. Nilimwuliza mlinzi ufunguo uko wapi. Akacheka: "Kwani umesikia kuna moto?"

Wanafunzi wenzangu, walimu wetu, tuendelee kumsoma Bwana Msa. Lakini methali ya "lisemwalo lipo" isitumike tena kama ushahidi dhidi ya jirani. Na leo jioni, kabla ya kulala, kila mmoja aulize ufunguo wa mlango wa nyuma anao nani. Asubuhi ya majivu, jibu litakuwa limechelewa.