Wakishalima Tunawafukuza: Ya Keshi, ya Hemed Morocco na ya Kwetu Hapa Chuoni

Najua nimepotea, si mnajua tena mambo ya testi, ukimaliza moja inakuja nyingine. Leo nilipanga kuandika kuhusu bumu kuchelewa, lakini juzi usiku chumbani kwetu kulizuka ubishi ulioniharibia usingizi. Mimi nikiwa na jambo kifuani silali mpaka nilitoe. Basi nalitoa.

Ubishi wenyewe ni wa mpira. Jamaa ninayekaa naye chumbani, mtu wa hesabu, kichwa kweli kweli, alisema hivi: "Mzee, kocha mzawa ni wa kulelea timu tu. Ikifika mashindano makubwa unamtoa, unaweka mtu wa kazi." Wenzake waliokuja kudesa wakaitikia kama kwaya. Nikauliza, hivi nyie mnamjua Stephen Keshi? Mmoja akajibu, "Yule Mnaijeria aliyekufa?" Ndiyo, yule Mnaijeria aliyekufa. Kaeni chini niwaambie.

Keshi alizaliwa Januari 1962. Alikuwa beki wa kati, mtu wa miraba minne, wenyewe wakimwita Big Boss. Alichezea New Nigerian Bank ya Benin City, na mwaka 1985 chama cha soka cha nchi yake kikamfungia kwa sababu ya mambo ya kuchelewa kambini. Wengi wetu tungerudi kijijini kulima. Yeye alivuka mpaka akaenda Ivory Coast, akachezea Stade d'Abidjan na Africa Sports, kisha Ubelgiji, Lokeren halafu Anderlecht. Pale Anderlecht alibeba Kombe la Ubelgiji mwaka 1988 na 1989, na ubingwa wa ligi mwaka 1991. Baadaye Strasbourg ya Ufaransa. Wakati huo kumwona Mnaijeria kwenye klabu kubwa ya Ulaya ilikuwa habari, na yeye ni mmoja wa waliofungua huo mlango ambao wengine wamepita wakikimbia.

Timu ya taifa je? Mwaka 1984 na 1988 Nigeria ilifika fainali ya Kombe la Afrika, zote ikafungwa na Cameroon. Mwaka 1994 kule Tunisia ndipo wakabeba ndoo, nahodha akiwa Keshi. Fainali waliichapa Zambia 2-1. Mabao yote mawili ya Nigeria yalifungwa na nani? Emmanuel Amunike. Jina hilo liwekeni pembeni, nitalirudia.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Kocha wa Nigeria mwaka 1994 alikuwa Clemens Westerhof, Mholanzi. Alianza kazi mwaka 1989. Mwaka 1990 alifungwa fainali na Algeria, hawakumfukuza. Mwaka 1992 akawa wa tatu, hawakumfukuza. Mwaka wa tano ndipo akatwaa kombe. Simlaumu hata kidogo, alifanya kazi nzuri. Nasema tu kwamba alipewa miaka mitano ya kujaribu, kukosea na kujaribu tena. Nionyesheni kocha mzawa aliyepewa hiyo.

Msinionyeshe Amodu Shuaibu, jamani. Amodu aliipeleka Nigeria Kombe la Dunia la 2002, Keshi akiwa msaidizi wake. Mwanzoni mwa mwaka huo wakawa wa tatu Kombe la Afrika kule Mali. Zawadi yao? Kibarua kikaota nyasi, Kombe la Dunia wakaliangalia kwenye runinga kama mimi na wewe. Mkiniambia aliyewekwa, Onigbinde, naye alikuwa Mnaijeria, nakubali. Lakini ngojeni. Amodu huyo huyo akarudishwa, akaipeleka tena Nigeria Kombe la Dunia la 2010, akawa tena wa tatu Kombe la Afrika, safari hii Angola. Akatolewa tena! Akawekwa Lars Lagerbäck kutoka Sweden, akaenda Afrika Kusini akarudi na pointi moja. Mtu mmoja kafanyiwa hivyo mara mbili, bado kuna watu wanasema wazawa hawana uwezo wa kufika mbali. Watafikaje wakati mnawashusha kwenye basi kituo kimoja kabla ya mwisho?

Keshi naye yakamkuta akiwa kocha mkuu. Alichukua Togo, nchi ndogo ambayo haikuwa imewahi kunusa Kombe la Dunia. Kundi lao lilikuwa na Senegal, ile Senegal iliyofika robo fainali mwaka 2002. Oktoba 2005 Togo ikashinda 3-2 kule Brazzaville, ikakata tiketi ya Ujerumani. Januari 2006 wakaenda Kombe la Afrika Misri, wakafungwa mechi zote tatu, na kulikuwa na ugomvi kati yake na Adebayor. Basi, kwisha habari yake. Akawekwa Otto Pfister, Mjerumani. Mtu wa kazi, kama anavyosema jamaa yangu. Togo ilifanya nini Ujerumani? Ilifungwa na Korea Kusini, ikafungwa na Uswisi, ikafungwa na Ufaransa. Tatu kwa tatu, vile vile kama Misri, ila safari hii kwa gharama ya mgeni.

Baada ya hapo Keshi akaenda Mali, nako akatimuliwa baada ya Kombe la Afrika la 2010. Mwishoni mwa 2011 akapewa timu ya nchi yake. Kombe la Afrika 2013, Afrika Kusini, aliita vijana kadhaa wanaocheza ligi ya nyumbani. Watu wakacheka. Makundi walianza kwa sare mbili. Robo fainali wakaitoa Ivory Coast ya kina Drogba 2-1, nusu fainali wakaichapa Mali 4-1, fainali Februari 10 wakaifunga Burkina Faso 1-0. Mfungaji ni Sunday Mba, mchezaji wa ligi ya nyumbani. Keshi akawa mtu wa pili kutwaa kombe hilo akiwa mchezaji na kisha akiwa kocha, baada ya Mmisri Mahmoud El-Gohary.

Kesho yake alitangaza kujiuzulu! Ndiyo, siku moja baada ya ubingwa, kabla ya kubembelezwa akarudi. Mtu haachi kazi siku ya harusi yake kama hakuna jambo. Halafu mwaka huo huo iliripotiwa kwamba bingwa huyo wa Afrika amekaa miezi bila mshahara. Mwaka 2014 akaenda Brazil, akaivusha Nigeria hadi hatua ya mtoano, jambo ambalo hakuna kocha Mwafrika aliyekuwa amelifanya kwenye Kombe la Dunia. Ufaransa ndiyo iliyowatoa.

Sitaki kumfanya malaika. Nigeria, bingwa mtetezi, ilishindwa kufuzu Kombe la Afrika la 2015 mikononi mwake. Aligombana na wachezaji wakubwa. Alikuwa na mdomo, na aliwasema hadharani makocha wa Kizungu wanaokuja Afrika kufuata pesa. Julai 2015 akafukuzwa kabisa. Desemba mwaka huo mke wake akafariki. Juni 7, 2016 naye akafariki, miaka 54. Siku chache tu baadaye, mwezi ule ule, akafariki Amodu. Leo kuna uwanja Asaba unaitwa Stephen Keshi. Sisi Waafrika kwa kumjengea marehemu hatujambo.

Jamaa yangu wa chumbani hapo akanikatisha: "Hayo ni ya Wanaijeria, sisi yanatuhusu nini?"

Haya, turudi kwa Amunike. Huyo ndiye aliyeipeleka Taifa Stars Kombe la Afrika 2019, mara ya kwanza tangu 1980. Mnakumbuka siku ile Machi 2019 tulivyoifunga Uganda 3-0? Misri tukafungwa na Senegal, Kenya na Algeria, na Algeria ndiyo iliyobeba kombe lenyewe. Julai hiyo hiyo Amunike akafungashiwa virago. Miaka 39 ya kukaa nje haikuhesabiwa, zikahesabiwa mechi tatu.

Kisha ya Hemed Suleiman, maarufu Morocco. Januari 2024 kule Ivory Coast, Adel Amrouche aliposimamishwa baada ya mechi ya kwanza, Hemed akakabidhiwa timu katikati ya mashindano. Sare na Zambia, sare na Kongo. Pointi mbili. Akabaki nayo, Novemba 2024 pale kwa Mkapa tukaifunga Guinea 1-0, bao la Msuva, tukafuzu tena. Agosti 2025 akatufikisha robo fainali ya CHAN, tukatolewa na Morocco 1-0. Novemba 2025, mwezi mmoja na kidogo kabla ya Kombe la Afrika, akawekwa pembeni, akaletwa Miguel Gamondi, Muargentina aliyewahi kuifundisha Yanga.

Hapo chumba kizima kikanirukia. "Si tukavuka makundi? Si tukaingia kumi na sita bora mara ya kwanza katika historia?" Kweli. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka, na Gamondi sina ugomvi naye. Lakini wewe uliye mtu wa hesabu, hebu hesabu. Tulifungwa na Nigeria 2-1, sare na Uganda 1-1, sare na Tunisia 1-1. Pointi ngapi? Mbili. Hemed kule Ivory Coast alipata ngapi? Mbili, tena kwa mechi mbili. Za kwanza hazikutosha kuvuka, za pili zikatosha. Jamaa akakaa kimya kidogo halafu akasema, "Lakini matokeo ni matokeo." Hapo ndipo usingizi ukaniruka.

Kwa sababu nilishawahi kusema maneno hayo hayo, kwa mdomo wangu huu.

Mwaka jana timu ya kitivo chetu ilikuwa inafundishwa na kaka mmoja wa mwaka wa tatu. Hakuwa na cheti cha ukocha. Alikuwa na filimbi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu na pampu ya baiskeli ya kujazia mipira. Saa kumi na moja alfajiri anapita mlango kwa mlango kutuamsha. Alijua nani hajala tangu jana, na kuna siku alimnunulia kipa wetu chapati kwa hela yake. Akatufikisha fainali, kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Siku tatu kabla ya fainali kamati ikakaa, nami nikiwa mjumbe. Likatolewa wazo kwamba tumchukue kocha mmoja wa mjini, mzoefu, amewahi kukaa benchi la timu ya ligi kuu. Ikapigwa kura. Nilinyoosha mkono kukubali. Nikasema, "Tunataka matokeo."

Na matokeo tukapata. Tulishinda kwa penalti. Yule mzoefu hakujua hata majina yetu, alikuwa anaita kwa namba za jezi. Kipa aliyedaka penalti mbili ni yule yule wa chapati. Wakati tunazunguka uwanja na kombe nilimwona kaka amesimama nyuma ya uzio, anapiga makofi. Anapiga makofi, wadau! Angenuna ningejisikia nafuu.

Ndiyo maana hoja ya matokeo hainitishi tena. Ukibadilisha kocha dakika ya mwisho ukashinda, hujathibitisha kwamba aliyetolewa hafai. Umeiba kipimo chake tu. Hatutajua kamwe yule kaka angefanya nini fainali, wala Keshi angefanya nini Ujerumani 2006, wala Hemed angefanya nini Morocco 2025. Na kwa kuwa hatutajua, mwaka unaofuata tutasema tena kwamba wazawa hawana uzoefu wa mashindano makubwa. Uzoefu mnautaka auokote wapi? Kombe la Afrika la 2019 lilitwaliwa na Belmadi, la 2021 na Cissé, la 2023 na Faé. Wote waliwahi kuzichezea nchi hizo hizo walizozipa kombe. Cissé alikuwa nahodha wa Senegal mwaka 2002, akapewa timu mwaka 2015, akafungwa fainali mwaka 2019, akaachwa, mashindano yaliyofuata akabeba. Uvumilivu huo ndio ninaouombea watu wetu. Sisemi kocha wa kigeni asije. Aje, aanze mwanzo kama wenzake, alime, apalilie, avune. Ila huu mtindo wa kumwita mtu siku ya mavuno na kumfukuza aliyelima hauna jina zuri kwa Kiswahili, nami nimeshaushiriki.

Yule kaka kamaliza chuo, nasikia anafundisha sekondari mkoani. Nimempigia jana. Nilijiandaa kuomba msamaha kwa maneno marefu, yeye akawahi kuuliza, "Mdogo wangu, mazoezi bado alfajiri?" Nikajibu hapana, siku hizi hakuna anayetuamsha. Akacheka, akasema atawahi darasani. Msamaha wenyewe sikuuomba, muda wa maongezi uliisha.

Alhamisi kamati inakaa kuchagua kocha wa msimu mpya. Kuna dogo wa mwaka wa pili amejitolea, na tayari nasikia minong'ono ya "tuone kwanza, fainali tutatafuta mtu". Safari hii nitanyoosha mkono kusema hapana, iandikwe kwenye muhtasari kwamba akianza yeye anamaliza yeye, tushinde tufungwe. Mkisikia nimefukuzwa kamati mjue kwa nini.

Naomba kuwasilisha. Nakimbilia kipindi cha saa mbili.